José Raúl Capablanca
Capablanca alizaliwa Havana, nchi ya Kuba, mwaka 1888. Alikuwa na miaka minne tu alipojifunza sataranji kwa kumtazama baba yake, kama mtoto wa Sumbawanga ajifunzavyo bao kwa kukaa karibu na wazee. Mwaka 1921 alimshinda Lasker, akawa bingwa wa dunia.

Alekhine, mzaliwa wa Urusi, hakuwa amepata kumshinda kamwe, hadi walipokutana Buenos Aires mwaka 1927. Nadhani Capablanca alimdharau. Walicheza michezo 34, na 25 katika hiyo ilikwisha sare. Wa mwisho ulikatizwa. Siku ya kuuendeleza Capablanca hakufika, ila barua yake ya kukiri kushindwa.

Ubingwa hawakuugombea tena. Mwaka 1942 alianguka klabuni New York akitazama wachezaji, akafa kesho yake.