Alfred Nobel: Mtu wa fataki aliyeishia kuwa jina la tuzo

Ukitaja Nobel, wengi wanawaza tuzo. Wanamkumbuka Wangari Maathai wa Kenya mwaka 2004, au Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 2021. Lakini kwa mchimbaji wa dhahabu mkoani Mara, Nobel yuko karibu zaidi ya hapo. Yuko kwenye fataki.

Kutoka kata ya Nyambureti wilayani Serengeti, ukivuka Mto Mara kuingia Tarime, unafika ukanda wa Nyamongo wenye mgodi wa North Mara, uliozalisha dhahabu tangu 2002. Mwamba wa huko hauvunjwi kwa sururu tu. Unachorongwa, unajazwa baruti, kisha kitu kidogo kama kidole kinaiamsha baruti hiyo. Kitu hicho ndicho fataki, na aliyeileta duniani ni Nobel.

Huyu jamaa alikuwa nani?

Mtoto wa baba aliyefilisika

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, Sweden, Oktoba 21, 1833. Mwaka huohuo baba yake, Immanuel, mhandisi na mbunifu, alifilisika. Baadaye mzee huyo akaenda kutafuta maisha Urusi, na mwaka 1842 familia ikamfuata St. Petersburg.

Huko mambo yakanyooka. Immanuel alitengeneza mabomu ya baharini kwa ajili ya jeshi la Urusi, na wanawe wakafundishwa na walimu wa nyumbani. Alfred akawa anazungumza lugha tano: Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Alipenda kemia, lakini pia alipenda kuandika mashairi.

Vita vya Crimea vilipoisha mwaka 1856, oda za jeshi zikakauka. Mzee akafilisika kwa mara ya pili, akarudi Sweden.

Kimiminika kilichoogopwa

Wakati huo kulikuwa na kitu kinaitwa nitrogliserini, kilichotengenezwa mwaka 1847 na Mwitaliano Ascanio Sobrero. Kilikuwa na nguvu kuliko baruti nyeusi ya kawaida, lakini hakikuaminika hata kidogo. Ukikitikisa vibaya, kinalipuka. Ukikiwasha kwa moto wa kawaida, huenda kisilipuke inavyotakiwa. Sobrero mwenyewe alikiogopa.

Nobel aliona tatizo halikuwa nguvu ya kimiminika hicho. Tatizo lilikuwa namna ya kukiamsha. Mwaka 1863 akabuni mbinu ya kutumia mlipuko mdogo kuamsha mlipuko mkubwa. Mwaka 1865 akaiboresha: kikopo kidogo cha chuma chenye kemikali ya zebaki, kinachowashwa kwa utambi. Hiyo ndiyo fataki. Wapo wanaosema ni ugunduzi mkubwa kuliko hata dainamaiti, kwa sababu sasa binadamu aliweza kupanga ni lini na wapi nitrogliserini ilipuke.

Septemba 3, 1864

Lakini kabla ya hapo alilipa gharama kubwa. Septemba 3, 1864, karakana ya familia eneo la Heleneborg, Stockholm, ililipuka. Watu kadhaa walikufa. Mmoja wao alikuwa Emil, mdogo wake wa mwisho, kijana wa miaka 20.

Serikali ikapiga marufuku kazi hiyo ndani ya jiji. Nobel hakuacha. Alihamishia majaribio kwenye jahazi ziwani, na mwezi Novemba mwaka huohuo akafungua kampuni.

Mwaka 1867 alipata hataza ya dainamaiti. Alichanganya nitrogliserini na aina ya udongo unaofyonza, ikawa kitu kigumu kinachoshikika na kusafirishika. Reli, mahandaki na migodi ikaanza kuchimbwa kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Hadi anafariki alikuwa na hataza 355.

Umeme ukaja na balaa lake

Utambi wa moto ulikuwa na shida zake: unachelewa, unazimika, na wakati mwingine mtu anarudi kuangalia kulikoni ndipo unalipuka. Mafundi wakahamia kwenye fataki za umeme. Unatandika waya mbili, unapitisha umeme, kawaya kembamba ndani ya fataki kanapata moto, mwamba unapasuka. Safi kabisa.

Kumbe waya hizo ndefu zinaweza kufanya kazi kama antena. Mtambo wa redio wenye nguvu ukiwa jirani, nyaya za umeme mkubwa zikipita juu, au radi ikipiga kwa mbali, umeme unaweza kuingia kwenye waya bila mtu kubonyeza chochote. Ndiyo maana palipo na fataki za umeme kunawekwa mabango ya kuzima simu na redio za mawasiliano, na wingu la radi likitokea kazi inasimama. Kwa ukanda wa Ziwa Victoria, wenye radi nyingi, hilo si jambo la mzaha.

Hatari ya umeme kuwasha kisichotakiwa haiko migodini tu. Julai 29, 1967, kwenye meli ya kivita ya Marekani USS Forrestal, mshtuko wa umeme ulifyatua roketi iliyokuwa kwenye ndege iliyoegeshwa. Moto uliofuata uliua watu 134.

Jibu mojawapo lilitoka palepale Sweden, ndani ya kampuni ya Nitro Nobel, mrithi wa ile aliyoianzisha Alfred. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walibuni kamrija ka plastiki chenye vumbi la baruti ndani. Badala ya umeme, wimbi la mlipuko hukimbia ndani ya mrija kwa takribani mita 2,000 kwa sekunde. Mrija hauna chuma, kwa hiyo redio haina pa kuingilia. Teknolojia hiyo imesambaa migodini duniani kote.

Mwanga badala ya waya

Jibu jingine ni mwanga. Unatumia leza, mwanga unapita ndani ya faiba, ileile inayoleta intaneti, hadi kwenye fataki. Joto la mwanga huo ndilo linaloamsha. Faiba ni kioo, haibebi umeme. Simu ikiita pembeni, kioo hakisikii kitu.

Kwa nini basi haijajaa kila mgodi? Bei yake iko juu, na ncha za faiba zinatakiwa ziwe safi kabisa, wakati mgodini vumbi ndio maisha. Kwa hiyo mfumo huu umetumika zaidi kwenye mitambo ya kijeshi na ya anga.

Cha kushangaza, leza ilishinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1964. Faiba nayo ikashinda mwaka 2009 kupitia Charles Kao. Yaani fedha za fataki zimewazawadia watu waliowezesha fataki kuwa salama zaidi.

Wosia wa mtu mpweke

Nobel hakuoa wala hakuacha mtoto. Mwaka 1888 kaka yake Ludvig alipofariki, gazeti la Ufaransa lilichanganya, likatangaza kwamba aliyekufa ni Alfred. Inasimuliwa kwamba kuona jinsi dunia ingemkumbuka kulimchoma moyo.

Novemba 27, 1895, akiwa Paris, alisaini wosia: sehemu kubwa ya mali yake iwe tuzo kwa walioisaidia dunia. Ndugu zake kadhaa walikasirika, lakini wosia ukasimama.

Miaka yake ya mwisho moyo ulimsumbua, na madaktari wakamwandikia dawa. Dawa yenyewe? Nitrogliserini. Alifariki San Remo, Italia, Desemba 10, 1896, akiwa na miaka 63. Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1901.

Somo aliloliacha Heleneborg bado liko palepale kwa wachimbaji wa Mara, wakubwa kwa wadogo: baruti yenye nguvu haimsaidii mtu kama hana uhakika nani anaiwasha. Bango la kuzima simu likisimama mbele yako, lizingatie. Emil hakupata nafasi hiyo.