Paul Tournier, daktari aliyetafuta mtu wa kumsikiliza

Katika parokia zetu tunajua kumwombea mgonjwa wa malaria na kumtembelea mama aliyejifungua. Lakini baba wa miaka 45 ambaye siku hizi hasemi neno nyumbani, au mzee ambaye kazi yake imekwisha na hajui tena aamkie nini, huyo tunamwambia aombe zaidi, kisha tunaenda zetu. Akitafuta mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, wengine wanasema imani yake imepungua. Ndiyo sababu tumependa kuwasimulia habari za Paul Tournier, daktari wa Geneva huko Uswisi, ambaye vitabu vyake tulivisoma kwa Kifaransa tulipokuwa shule ya theolojia.

Alizaliwa mwaka 1898. Baba yake alikuwa mchungaji wa Saint-Pierre, kanisa lile lile alimohubiri Calvin. Baba huyo alikuwa mzee tayari, akafariki mtoto akiwa na miezi michache tu. Paul alipofikia miaka 6, mama naye akafa. Ndugu wa ukoo wakamlea. Hakukosa chakula wala shule, ila alikua mtoto aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Alipokuwa na miaka 16, mwalimu wake wa Kigiriki alianza kumkaribisha nyumbani. Hapo kijana akajifunza kuongea: juu ya vitabu, juu ya mawazo, juu ya mambo ya dunia. Juu ya huzuni yake, hapana.

Akawa daktari mwaka 1923, mwaka uliofuata akamwoa Nelly Bouvier, akafungua kazi yake Geneva. Alikuwa pia mtu wa mabaraza ya kanisa, hodari wa kubishana juu ya mafundisho. (Sisi wachungaji tunajitambua hapo.) Kila mtu angesema huyu amefanikiwa.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 34, alikutana na Wakristo wa kundi lililoitwa Oxford. Mmoja wao, Mholanzi aliyekuwa na kazi kubwa katika Shirikisho la Mataifa, hakumletea mafundisho. Alimweleza waziwazi maisha yake mwenyewe, pamoja na makosa yake. Jambo hilo lilimvunja Tournier kuliko hoja yoyote. Alirudi nyumbani akaanza kukaa na mkewe katika ukimya na maombi, kisha kuzungumza. Nelly akapata ujasiri wa kumwambia kwamba amekuwa kwake mwalimu, daktari na mchungaji, lakini bado hajawa mume. Fikirini jinsi neno hilo linavyouma. Na ni mbele ya mke huyo ambapo Paul, kwa mara ya kwanza, aliwalilia wazazi wake.

Tuangalie vizuri hapo. Mtu huyu hakuwa mpagani. Aliomba, alisoma Biblia, alitumikia kanisa. Hata hivyo jeraha la mtoto wa miaka 6 lilikaa ndani yake karibu miaka 30 mpaka alipopata sikio la binadamu.

Mwaka 1937 aliwaandikia wagonjwa wake barua: tangu sasa hatatibu mwili peke yake, atawasikiliza pia katika maisha yao. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa nao, akasikiliza, na mara nyingine akaeleza mapungufu yake mwenyewe.

Kabla ya kitabu chake cha kwanza kutoka, mwaka 1940, alikwenda kumsomea maandishi yake yule mwalimu wa Kigiriki, sasa mzee. Alipomaliza kusoma, mwalimu alimwomba wasali pamoja. Tournier alishangaa, maana hakumjua kuwa mwamini. Akauliza tangu lini. Mzee akajibu kwamba ni saa hiyo hiyo. Walikuwa wamejuana zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1971 aliandika juu ya kuzeeka, naye akiwa na miaka 73. Aliona wanaume wengi ambao kazi ilikuwa ndiyo maisha yao yote. Pensheni ilipofika, wakabaki kama nyumba isiyo na watu. Alisisitiza kwamba uzee unatayarishwa mapema, tangu katikati ya maisha, kwa kujenga urafiki na kupenda mambo mengine nje ya kazi. Sisi wa miaka 40 na kitu tunahusika, hata kama tunajiita vijana katika mikutano.

Mwaka 1974 Nelly alifariki wakiwa safarini Ugiriki. Tournier hakuficha msiba wake. Alizungumza juu yake na kuandika, akaendelea kuwapokea watu. Mwaka 1984, akiwa na miaka zaidi ya 85, alimwoa Corinne O'Rama, mpiga piano. Alifariki Oktoba 1986, karibu na mji wa Geneva alikozaliwa.