Ary Barroso, Mwenye Samba ya Kasuku

Bila shaka wengi wenu mmeiona ile filamu ya katuni iitwayo Rio, iliyotoka mwaka wa 2011, ya kasuku wa buluu asiyejua kuruka. Sisi tuliitazama kwa jirani hapa Migori, tumejazana sebuleni kama omena kwenye gunia, na hadithi ilipokwisha watoto waliendelea kuucheza ule muziki wake wa samba mpaka wakafukuzwa. Mimi nikajiuliza, samba iliingiaje kwenye katuni? Kumbe njia hiyo ilifunguliwa zamani, mwaka wa 1942, na kasuku mwingine kabisa. Mwenye wimbo wake alikuwa Ary Barroso.

Ary alizaliwa tarehe 7 Novemba 1903 huko Ubá, mji mdogo katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili. Mwaka wa 1911 kifua kikuu kiliwachukua baba na mama, wote wawili, akabaki mikononi mwa nyanya yake na bibi mmoja wa jamaa hiyo aliyeitwa Rita. Huyu Rita alikuwa mwalimu wa piano, na hakuwa na mchezo. Mtoto alikalishwa mbele ya piano kila siku, atake asitake. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa akipiga piano katika sinema ya mji wao, maanake filamu za siku hizo hazikuwa na sauti, lazima mtu apige muziki pembeni watu wasilale.

Baadaye jamaa yake aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha alifariki akamwachia urithi. Mwaka wa 1920 kijana akafunga safari hadi Rio de Janeiro kusomea uanasheria. Pesa zile alizitumia kwa starehe zikaisha, hata ikambidi arudi kwenye piano za sinema na kumbi za densi ili apate chakula. Shahada aliipata karibu miaka kumi baadaye. Mwaka wa 1930 wimbo wake ulishinda mashindano ya karnivali, na kwa zawadi hiyo akamwoa mchumba wake Ivone. Uwakili aliuweka kando.

Hapa nisimame kidogo nieleze samba yenyewe. Muziki huu ulitoka kwa watu weusi waliopelekwa Brazili utumwani, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Utumwa huko ulikomeshwa mwaka wa 1888 tu. Wataalamu wengi husema hata jina samba linatokana na semba, neno la Kibantu, kwa hivyo ni ndugu wa mbali wa Kiswahili chetu. Samba ilikaa kwa maskini wa vilimani mwa Rio, na polisi waliwasumbua waliokuwa wakiipiga. Ilipoanza kupendwa redioni, mwimbaji mashuhuri Francisco Alves alizoea kununua nyimbo kutoka kwa watunzi maskini kama Ismael Silva, na jina lake mwenyewe likaandikwa kwenye sahani ya santuri. Ary hakuwa wa vilimani. Alikuwa mzungu, msomi wa sheria, mwenye piano. Kusema kweli, hilo lilimfungulia milango ambayo wengine waligonga bure.

Mwaka wa 1939, usiku mmoja wa mvua, Ary alikuwa amefungiwa nyumbani na hali ya hewa akatunga Aquarela do Brasil, yaani picha ya Brazili ya rangi za maji. Ni wimbo wa kuisifu nchi, na huyo huyo Francisco Alves ndiye aliyeurekodi. Serikali wakati huo ilikuwa ya kidikteta, chini ya Getúlio Vargas, na iliupenda mno, hata wengine wakamlaumu Ary kwamba anawapaka wakubwa mafuta. Kwenye mashindano ya karnivali ya 1940 wimbo huu haukuingia hata tatu bora! Mwamuzi alikuwa mwanamuziki mkuu Villa-Lobos, na Ary akamnunia miaka 15.

Basi mwaka wa 1941 Walt Disney akazuru Amerika ya Kusini. Ilikuwa wakati wa vita na Marekani ilitaka marafiki upande huo. Katika safari hiyo aliusikia wimbo wa Ary, na sehemu ya mwisho ya filamu yake Saludos Amigos ya 1942 ikajengwa juu yake. Brashi inachora minazi na maporomoko ya maji, kisha anatokea kasuku José Carioca, na kofia yake, akimfundisha bata Donald kucheza samba. Dunia nzima ikaimba. Filamu iliyofuata, The Three Caballeros ya 1944, ilitumia nyimbo zake nyingine. Inasimuliwa kwamba Disney alimwomba abaki Marekani awe mkuu wa muziki, naye akakataa kwa sababu huko hakuna Flamengo. Flamengo ni timu ya mpira. Mashabiki wa Gor Mahia mtamwelewa.

Maana Ary alikuwa pia mtangazaji wa mpira redioni. Bao likiingia alipuliza kinanda kidogo cha mdomo. Flamengo wakifunga alipuliza wee! Wakifungwa, mlio mmoja tu wa huzuni. Alipokatazwa kuingia katika uwanja wa Vasco, alipanda juu ya paa la jirani akatangaza kutoka huko. Baadaye alichaguliwa diwani wa jiji, akapigania uwanja wa Maracanã ujengwe pale ulipo leo.

Lakini kilichonifanya nimwandike ni kipindi chake cha redio cha waimbaji chipukizi. Kila aliyepanda jukwaani alilazimika kwanza kumtaja mtunzi wa wimbo. Ukikosa, utajuta. Mimi nina baba mdogo huko Homa Bay anayepiga benga. Wimbo wake mmoja niliwahi kuusikia ndani ya matatu, na kijana mmoja stendi alikuwa akiwauzia watu kwenye flashi. Nilipomuuliza ni wa nani, akasema ni wa kila mtu. Nilipomweleza baba mdogo alicheka tu, lakini hakula chakula cha jioni.

Huruma, hata hivyo, Ary hakuwa nayo nyingi. Mwaka wa 1953 alikuja binti mweusi kutoka mtaa wa mabanda, jina lake Elza Soares. Alivaa nguo ya mamake iliyokunjwa kwa pini, na nyumbani alikuwa na mtoto mgonjwa. Watu wakaangua kicheko. Ary naye akamdhihaki kwa kumuuliza ametoka sayari gani. Binti akamjibu kwamba ametoka sayari ile ile ya Ary, sayari ya njaa. Ukumbi ukanyamaza. Alipomaliza kuimba, Ary mwenyewe akatangaza kwamba nyota imezaliwa. Elza aliimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka wa 2022.

Pombe ndiyo iliyomwangusha Ary, ikamharibu ini. Alifariki tarehe 9 Februari 1964, Jumapili ya karnivali. Jioni hiyo hiyo kundi la samba la Império Serrano, watu wa vilimani, lilikuwa likijiandaa kuingia barabarani na wimbo mpya wa Silas de Oliveira, uliotungwa kuuenzi ule wa Ary wa mwaka wa 1939. Habari za kifo ziliwakuta wakiwa wamekwisha kuvaa. Wakaingia barabarani wakaimba.