Pierre Bézier: Mhandisi Aliyeupa Mstari Kanuni

Pierre Bézier alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 1 Septemba 1910, katika ukoo wa wahandisi. Alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1930, akaongeza ule wa umeme mwaka 1931, na mwaka 1933 akaajiriwa na kampuni ya magari ya Renault. Huko alidumu miaka 42, ukiacha muda aliokuwa mateka wa vita mikononi mwa Wajerumani. Maisha ya mwajiri mmoja hayaelekei kuwa na kisa. Hata hivyo, herufi unazozisoma hapa zina deni kwake.

Tatizo lililomkabili lilikuwa la umbo. Msanifu alichora ubavu wa gari kwa mkono, fundi wa pili akauhamishia kwenye kielelezo, wa tatu akauchongea kalibu ya chuma. Kila mmoja aliusoma mstari kwa jicho lake, nao ukapotoka kidogo kila hatua. Katika miaka ya 1960 Bézier alikata shauri kwamba mstari uandikwe kwa hesabu. Katika umbo linalotumika sana leo, nukta nne zatosha: mbili ambako mpindo huanzia na kuishia, na mbili za kati zinazouvuta bila ya wenyewe kuzipitia. Mfumo wake, UNISURF, ulienea kiwandani katika miaka ya 1970.

Haki yadai litajwe jina jingine. Paul de Casteljau, wa kampuni shindani ya Citroën, alikuwa ameifikia hesabu hiyohiyo mwaka 1959, ila waajiri wake waliifanya siri. Bézier alichapisha, na mpindo ukabaki na jina lake. Hapana wizi hapo, lakini mtafiti anayefungia matokeo yake sandukuni na azingatie.

Bézier alistaafu mwaka 1975, na miaka miwili baadaye akatunukiwa shahada ya uzamifu katika hisabati. Mwaka 1984 kampuni ya Adobe ilitoa PostScript, lugha ya kuielezea printa ukurasa, na mpindo wa magari ukaingia katika herufi na michoro.

Ndipo ilipojitokeza tofauti inayowasumbua wengi wanaoandaa tasnifu kwa tarakilishi. Mchoro wa vekta huhifadhi kanuni ya mstari. Bitimapu huhifadhi vitone vya rangi tu. Kuigeuza vekta kuwa bitimapu ni kazi nyepesi: programu hukokotoa mstari unapita wapi, ikavijaza vitone. Kurudi ndiko kugumu, kwani kanuni imekwisha kutupwa na programu hubaki kuikisia kutokana na kingo zenye vijimeno. Kwa hiyo mchoro wa matawi wa sentensi au ramani ya lahaja ukihifadhiwa kama JPEG hufifia unapokuzwa, ilhali katika PDF au EPS hubaki mkali, mradi tu haukuwa bitimapu tangu mwanzo. Kubadilisha jina la faili hakurudishi kitu. Picha ya mswada wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu ni suala tofauti: doa la wino na karatasi iliyochakaa havina kanuni, na bitimapu ndiyo stahiki yake.

Bézier alifariki tarehe 25 Novemba 1999, akiwa na umri wa miaka 89. De Casteljau aliaga dunia mwaka 2022. Jina lake limo katika mbinu ambayo hutumiwa kuukokotoa mpindo wa Bézier.