Mkimbizi aliyeipa dizeli jina lake

Ukimwuliza dereva wa lori anayeingia Kigali kutoka Rusumo au Gatuna neno dizeli limetoka wapi, atakuambia ni mafuta tu. Wenzetu wa Goma na Gisenyi wao husema mazutu. Ndugu msomaji, Diesel ni jina la mtu, tena mtu aliyeonja ukimbizi akiwa mtoto.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, kwa wazazi Wajerumani. Mwaka 1870 Ufaransa na Prussia zilipigana, Wajerumani wakafukuzwa, na familia yake ikakimbilia London. Maisha yalikuwa magumu. Akiwa na miaka 12 alitumwa Augsburg kwa ndugu aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Sisi tuliosoma Tanzania, Uganda au Kongo tunazijua safari za namna hiyo, za mtoto kutumwa kwa ndugu ili apate shule. Alihitimu Munich mwaka 1880 kwa alama za juu kabisa.

Huko chuoni ndiko alikojifunza jambo lililomsumbua: injini ya mvuke ilitupa karibu asilimia 90 ya joto la makaa yake. Nishati haipotei, hubadilika tu. Lakini joto likishatoroka hewani halisukumi tena gurudumu. Diesel akatafuta dawa. Kila fundi wa baiskeli anajua pampu hupata moto ukiisukuma kwa nguvu. Yeye aliibana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche. Alipata hataza mwaka 1893, na majaribio yakachukua miaka minne. Mwaka 1897 injini yake ya Augsburg ilipimwa: katika kila sehemu 100 za joto, zaidi ya 26 ziligeuka kuwa kazi.

Darasani wanafunzi huniuliza, kama injini ni nzuri hivyo, shida iko wapi? Shida ni mafuta. Petroli na dizeli hutokana na viumbe vidogo vya baharini vilivyozikwa mamilioni ya miaka iliyopita. Ukichoma lita moja, hairudi. Na Rwanda haichimbi hata tone. Yote huja kwa barabara, kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Mwaka 2004, maji ya Burera na Ruhondo yaliposhuka na mabwawa kushindwa kutoa umeme wa kutosha, Kigali iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, kwa gharama iliyomwuma kila mwenye saluni na mashine ya kusaga. Gesi ya methani ya Ziwa Kivu ilianza kuzalisha umeme kwa wingi pale Karongi mwaka 2016 tu. Nayo pia si ya kuchezea.

Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na kabla ya kufa yeye mwenyewe aliamini mafuta ya mimea yangekuja kuwa na thamani kubwa. Hakuishi kuyaona. Jina lilikua, fedha zikaisha kwa kesi, maradhi na biashara mbovu.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Siku kadhaa baadaye mabaharia Waholanzi waliona maiti ikielea, wakachukua vitu vya mfukoni na kuirudisha baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo. Familia iliachiwa madeni, na mpaka leo hakuna anayejua kama alijirusha, aliteleza au alisukumwa.