Maisha ya Makhan Singh, Mtetezi wa Saa Nane za Kazi



Niliombwa niandike maisha ya mtu mashuhuri ambaye mfano wake umenifaa tangu nilipoacha shule. Nimemchagua Bwana Makhan Singh, na kwanza nitaeleza sababu yake.

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Nilipomaliza masomo nilipata kazi katika kiwanda kimoja huko Tororo. Siku sita kwa juma nilidamka alfajiri, nikavuka mpaka, nikapanda gari, nikafanya kazi saa nane. Nauli ilikula mshahara wangu. Basi siku moja msimamizi akatuambia kuwa tangu mwezi ujao tutafanya kazi siku nne tu, saa 12 kila siku, na siku tatu tutapumzika. Tulishangilia! Nane mara sita ni 48, na kumi na mbili mara nne ni 48 vile vile. Tena nauli ya siku mbili inabaki mfukoni.

Lakini hatukuandikiana neno lolote. Mwezi wa pili tukaambiwa tuje siku ya tano pia, kwa mshahara ule ule. Hesabu ikawa saa 60. Sisi wa Busia tukawaita wenzetu wa Tororo waoga, nao wakatuita wakaidi. Kila kundi likanung'unika peke yake. Ndipo mzee mmoja, fundi wa mitambo, aliponiazima kitabu cha habari za Makhan Singh.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, nchi ya Punjab, sehemu ambayo sasa imo Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa seremala, akatangulia kuja Kenya kufanya kazi ya reli, reli ile ile iliyokuja kupita Tororo kwenda Kampala. Mwaka 1927 Makhan akamfuata, naye ni kijana wa miaka 13. Akasoma Nairobi, kisha akaingia katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa. Kwa kuwa alikuwa mwana wa mwenye kiwanda, angaliweza kukaa kimya na kula vyema. Hakukaa kimya.

Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi. Mwaka huo huo chama kikabadilishwa jina na kufungua mlango kwa wafanyakazi wa kila rangi. Kumbukeni kwamba siku zile serikali ya kikoloni iliwatenga watu kwa rangi hata shuleni na hospitalini. Mwaka 1936 chama kilidai kwamba tangu tarehe 1 Oktoba kazi iwe saa nane kwa siku, na matajiri wengi wakakubali. Mwaka 1937 ukafuata mgomo wa siku 62 mjini Nairobi, na mwisho wake mishahara ikapanda kwa 15 hadi 22 kwa mia. Mwaka huo chama kikajiita cha Afrika Mashariki, kwa maana mfanyakazi wa Uganda naye ni ndugu.

Baadaye alikwenda India, akakamatwa huko mwaka 1940 kwa siasa zake, asipate uhuru kamili mpaka 1945. Alirudi Kenya mwaka 1947. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama vya wafanyakazi kuwa shirikisho moja. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, alidai hadharani uhuru wa nchi zetu. Haukupita mwezi akakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, lakini yeye akapelekwa kizuizini: Lokitaung, Maralal na Dol Dol. Alikaa huko zaidi ya miaka 11, akafunguliwa Oktoba 1961. Uhuru ulipopatikana hakupewa cheo kikubwa. Alikaa akiandika historia ya vyama vya wafanyakazi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Alifariki Nairobi tarehe 18 Mei 1973.

Nilipomaliza kusoma niliona aibu. Mhindi, Mkikuyu na Mjaluo waliketi pamoja wakati ambapo kuketi hivyo kulikuwa hatari, nasi tulishindwa kwa ajili ya mpaka tunaouvuka kila siku. Tukakutana wote chini ya mwembe. Hapo nikajua jambo ambalo sikulijua: dada mmoja mwenye mtoto mchanga hakuzitaka kabisa zile siku nne ndefu, alitaka sita fupi. Tukaandika barua moja, kila mtu akatia sahihi. Baada ya majuma matatu ya maneno makali tulikubaliwa: siku ya tano iwe ya hiari na ilipwe, na mwenye shida ya nyumbani achague siku sita.

Ndugu zangu wanafunzi, kesho mtaajiriwa. Mkiletewa mpango mpya wa saa, fanyeni hesabu ya juma zima, ulizeni unamfaa nani, na yaliyokubaliwa yaandikwe. Tena msiulize kwanza mwenzenu ametoka upande gani wa mpaka.