Mama Aliyefungua Darasa Nyumbani

Tangu Januari kuna swali ninaloulizwa mlangoni tukisalimiana baada ya ibada, kama ni kweli watoto wa mchungaji msaidizi hawaendi shule. Wacha niwajibu wote mara moja. Watoto wanasoma. Wanasomea kwenye meza tunayolia chakula, na mwalimu wao ni mke wangu. Mkubwa ana miaka sita, mdogo ana minne.

Nakiri mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kukubali. Nilisomea biashara, na mtu wa biashara akiletewa wazo kama hilo anachukua kalamu kwanza. Nilipiga hesabu ya karo, sare, gari la shule, halafu mshahara ambao mke wangu angeukosa akibaki nyumbani. Hesabu ilikataa. Lakini mke wangu hakuwa anazungumza hesabu, alikuwa anazungumza kuhusu mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa anarudi jioni hataki hata kuona kitabu. Katika kusukumana huko ndipo nilimkumbuka mama mmoja ambaye marehemu nyanya yangu alipenda kumtaja.

Nyanya alikuwa Mmethodisti wa Kaaga, wa wale wa zamani. Wengi wenu mna ndugu huko, manake Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912 na Kaaga ndiyo ilikuwa kituo chao. Walioteremka kutoka Meru kupitia Chuka hadi hapa Embu wanajua jinsi kanisa hilo lilivyoenea kwenye barabara hiyo. Nyanya akimtaja John Wesley, mwanzilishi wao, hakukawia kuongeza kwamba sifa zimwendee mama yake. Mimi nilidhani ni maneno ya akina mama kuteteana. Nilipoketi kusoma maisha ya huyo mama nikaona nyanya hakukosea, ingawa hakuniambia yote.

Jina lake ni Susanna. Alizaliwa London mwaka 1669, mtoto wa 25 wa mhubiri aliyeitwa Samuel Annesley. Ndiyo, wa 25. Baba yake alikuwa amefukuzwa katika kanisa la serikali kwa kukataa masharti yake, lakini Susanna akiwa bado msichana mdogo wa miaka kama 13 alipima mambo mwenyewe akarudi katika kanisa lile lile. Kumbe alikuwa na kichwa chake tangu utotoni. Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, kijana msomi aliyekuwa mtumishi wa kanisa hilo, na baadaye wakapelekwa parokia ya Epworth, mashambani katika jimbo la Lincolnshire.

Walizaa watoto 19. Waliofika utu uzima ni 10, wavulana watatu na wasichana saba. Mama yeyote anayesoma hapa ajaribu kubeba hesabu hiyo moyoni: makaburi tisa madogo.

Na pesa hazikuwepo. Samuel alikuwa mtu wa vitabu na mashairi, na bajeti ilimshinda kabisa. Mwaka 1705 alifungwa katika ngome ya Lincoln kwa deni lisilofika pauni 30. Askofu mkuu wa York alipomuuliza Susanna kama walikuwa wamewahi kukosa mkate, alimjibu kwamba kukosa kabisa hapana, ila taabu ya kuupata kabla ya kuula na taabu ya kuulipia baada ya kuula ilikuwa inamwondolea utamu wake. Mtu ambaye amewahi kula kwa daftari la duka anaelewa. Samuel pia alikuwa na maadui parokiani kwa sababu ya siasa. Waliwakata ng'ombe wake.

Sasa ni katika nyumba hiyo yenye deni, mimba na vilio ndipo Susanna aliendesha shule. Utaratibu wake ulikuwa huu. Mtoto hakufundishwa kusoma mpaka atimize miaka mitano. Siku inayofuata, nyumba nzima ilijua kwamba mama hasumbuliwi. Kutoka saa tatu asubuhi hadi saa sita, na tena kutoka saa nane hadi saa kumi na moja, mtoto alijifunza herufi zote. Karibu wote walizimaliza siku hiyo moja. Wawili tu, Molly na Nancy, walichukua siku moja na nusu, na mama akawaona wazito! Baadaye alikiri kwamba aliwahukumu vibaya. Kesho yake walifungua Mwanzo sura ya kwanza na kuanza kuunganisha herufi, mstari wa kwanza mpaka uingie, ndipo wa pili.

Saa sita kwa siku, hakuna kutokatoka nje ovyo. Na jambo moja lilinigusa kama baba wa binti: aliweka sheria kwamba msichana asifundishwe kushona mpaka ajue kusoma vizuri. Aliona wasichana wakipewa sindano mapema ndiyo maana wanawake wengi wa wakati wake walisoma kwa kubabaika. Hetty, binti yake, alikuwa anasoma Kigiriki akiwa na miaka minane.

Si kila kitu chake nitakileta nyumbani kwangu. Aliamini mapenzi ya mtoto lazima yavunjwe mapema, na watoto wake walifundishwa kuogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hapo mimi na yeye tunaachana. Lakini hata kwenye adhabu alikuwa na haki fulani. Mtoto aliyekosa akikiri mwenyewe hakupigwa, na hakuna aliyepigwa mara mbili kwa kosa moja wala kukumbushwa lile lililokwisha. Watu wazima wangapi kanisani tunaweza kuishi kwa sheria hiyo ya mwisho?

Usiku mmoja Februari 1709 nyumba ilishika moto. Susanna alikuwa na mimba kubwa, akapita katikati ya moto akitembea, akaungua mikono na uso. Wakahesabu watoto, John hayupo. Alikuwa na miaka mitano, yuko dirishani juu, na muda wa kutafuta ngazi haukuwepo. Mtu mmoja akasimama ukutani, mwingine akapanda mabegani mwake, wakamtoa, na mara paa likaanguka ndani. Wahubiri hupenda kuishia hapo. Mimi naona yaliyofuata yanamhusu zaidi mama wa nyumbani. Watoto walitawanywa kwa ndugu na majirani wakati nyumba inajengwa, na waliporudi walikuwa wamejifunza nyimbo mbaya, utovu wa adabu na kucheza ovyo siku ya Bwana. Kazi ya miaka ilikuwa imeharibika kwa miezi. Alianza upya. Darasa likawa linafunguliwa na kufungwa kwa zaburi, na mkubwa akapewa mdogo wa kusoma naye.

Halafu akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko saa zote sita. Alisoma kitabu ambacho binti yake Emilia alikiona chumbani kwa baba, habari za wamishenari wa Denmark kule India. Moyo ukamchoma kwamba kama hawezi kwenda India, angalau ana watu ndani ya nyumba. Akampangia kila mtoto jioni yake ya kuzungumza naye peke yake: Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi John, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, na Jumapili Emilia na Sukey pamoja.

Majira hayo hayo, kati ya 1711 na 1712, Samuel alikuwa London kwa vikao vya kanisa. Susanna akawa anasoma hotuba kwa watoto na wafanyakazi Jumapili jioni. Majirani wakaomba kuingia, wakafika kama 200, wengine wakakosa nafasi. Msaidizi wa mchungaji (aibu kwetu wasaidizi) akamshtaki kwa mumewe. Samuel akaandika akipendekeza aache. Susanna akamjibu kwamba pendekezo halitoshi. Akitaka aache, amwamuru waziwazi, ili siku ya hukumu lawama isiwe juu yake. Samuel akanyamaza.

Wavulana hawakubaki nyumbani milele. John alipelekwa shule ya bweni London mwaka 1714, na Charles akamfuata mjini humo miaka miwili baadaye. Wote tunajua walichofanya: mmoja akaanzisha Umethodisti, mwingine akaandika maelfu ya nyimbo. Lakini nyanya hakuwahi kuniambia habari za Hetty. Yule wa Kigiriki alitoroka mwaka 1725 na mwanamume ambaye hakumwoa, akarudi na mimba, na baba hakumsamehe. Aliozwa haraka kwa fundi wa mabomba asiyelingana naye kwa lolote. Mwalimu ni yule yule, meza ni ile ile, zaburi ni zile zile. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikamwangalia binti yangu akichora, sikusema kitu.

Kwa wanaotaka kutuiga, neno moja la utawala. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni, na wapo wazazi katika nchi hii waliofikishwa mahakamani kwa sababu ya masomo ya nyumbani. Msianze kimyakimya. Nendeni ofisi ya elimu mwulize. Sisi wenyewe bado tuko kwenye mazungumzo hayo, na sijui yataishia wapi.

Susanna alifariki London Julai 1742, katika jengo la ibada la mwanawe John, mabinti wakiwa kando ya kitanda. Alizikwa Bunhill Fields.

Nimesoma maisha haya nikitafuta namna ya kumshauri mke wangu, nikajikuta namwona Samuel kila ukurasa. Ni mimi huyo mwenye makesha, semina na safari za Maua na Runyenjes, na barua za kushauri kutoka mbali. Miaka mingi baadaye, John akiwa mwalimu wa chuo Oxford, alimwandikia mama yake kumwomba aendelee kumtengea kitambo kidogo cha ile Alhamisi jioni. Mtu mzima mwenye digrii, anadai Alhamisi yake.

Kwa hivyo wapendwa, kuanzia wiki hii simu yangu itazimwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili. Mkubwa anaanza. Wa dharura mpigieni mzee wa kanisa.